Kiti cha Pili

6 Februari

Mdogo wangu,

U hali gani huko kambini, na masufuria yako hayajambo? Mama anakusalimu. Macho bado yanamsumbua, lakini masikio yamezidi ukali, siku hizi anasikia hata usichosema. Anauliza kama wachimbaji wako bado wanalalamikia chumvi. Jirani yetu muuza mkaa amepata wajukuu mapacha na amekuwa hasemeki, ukienda kununua mkaa lazima kwanza uwasifu watoto.

Fundi wangu naye angekusalimu kama angeweza.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Chumba chetu na karakana vimetenganishwa na ukuta wa mbao, na upande wa pili sasa anakaa mtu. Hii nampa dereva wa lori la vyakula vyenu. Ameniapia kwamba ataitia mkononi mwako mwenyewe.

Mdogo wangu, Fundi amepata kiharusi. Alikuwa anapigilia kitambaa kwenye kochi la mwalimu mkuu, misumari mdomoni kama unavyomjua. Mara misumari ikaanza kumdondoka, mmoja mmoja, na mate. Nikadhani ananichekesha. Nikamwambia, "Acha utoto, mteja anakuja jioni." Ndipo alipoinama upande na nyundo ikamtoka.

Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Daktari anasema kichwani yuko mzima, anaelewa kila kitu, ila maneno yamemkimbia. Limebaki moja tu. Unataka maji? "Kesho." Unaumwa? "Kesho." Mimi ni nani? "Kesho." Siku ya kwanza nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya karakana, kwenye marobota ya sponji, nikalia mpaka sponji ikalowa.

Ila siyo hilo linalonitia hofu. Shemeji amehamia hapa, yule kaka yake mkubwa. Anasema amekuja kumuuguza. Juzi nimemkuta karakanani ameshika futi kamba yangu ya kushonea, anapima ukuta kwa ukuta, mlango hadi dirisha. Nikamuuliza, "Shemeji, unataka kochi?" Akaikunja futi polepole akaniambia, "Hapana, dada yangu. Naangalia tu."

Dada yangu! Tangu nihamie hapa ameniita shemeji, tena kwa sauti, mpaka ng'ambo ya barabara wanasikia. Neno hilo limenipiga kuliko kofi.

Unajua mwenyewe habari ya viti. Fundi aliapa kwamba siku ya ndoa yetu tutakalia viti viwili alivyotengeneza kwa mkono wake. Kila akivimaliza, mteja anatokea, anavipenda, Fundi anaviuza. "Kesho natengeneza vingine, vizuri zaidi." Nami nilikuwa nacheka na kushona mito ya vingine. Sasa nusu ya mji imekalia harusi yangu, na nyumba na karakana vimeandikwa jina lake peke yake. Changu hapa ni cherehani na mimi mwenyewe.

Nifanye nini? Nikisikia futi kamba inavutwa, nasimamisha cherehani nisikilize.

Dada yako


2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka vitunguu, kwa hiyo dereva hakudanganya, ilisafiri na mzigo wangu. Usishangae mwandiko. Mkono wangu umepata ajali ndogo jikoni na nimemwomba mtu aniandikie. Hakuna la kutisha. Sisi huku hatujambo. Wachimbaji wanakula na wananung'unika, ndiyo afya yao.

Mwambie Mama chumvi nimepunguza, sasa wanalalamikia pilipili.

Habari ya Fundi imenikata maini. Nimekaa kwenye gunia la mchele nikairudia barua tangu mwanzo. Yule mtu ndiye aliyenifundisha kushika kisu cha kukatia sponji, na ndiye aliyenilipia kiatu changu cha kwanza cha kazi. Mwambie nakuja. Sijui lini, lakini nakuja.

Dada, nisikilize. Nenda kwa wakili. Usingoje, usimuulize mtu mtaani, usimwonee aibu mtu. Uliza yule asiye na cheti cha ndoa ana haki gani, na wosia unaandikwaje, na ndoa inafungwaje na mgonjwa. Uliza yote matatu hata kama wakili anatazama saa.

Na lingine. Fundi akirudishwa hospitali, usimwache hata dakika. Wakikuuliza mlangoni wewe ni nani wake, sema mke. Usitafakari. Ukisita tu, mlango unafungwa, na utakaa nje kwenye ukuta wa geti kama mtu asiye na kwao, huku ndani wanamfanya wanavyotaka. Hili nalijua. Usiniulize nimelijulia wapi.

Kuhusu shemeji, mfichie futi kamba.

Nakuombea. Sote tunakuombea.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, ila amedondosha kikombe akasema ni cha zamani hata hivyo. Wale mapacha wameanza kucheka, kwa hiyo mkaa umepanda bei.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mwandiko ni mzuri, wa mviringo, wa mtu aliyefundishwa vizuri. Chini kabisa kuna neno limekatwakatwa kwa wino mpaka karatasi imetoboka kidogo. Nimeliinua kwenye dirisha na nimelisoma. Sitalisema. Ila nakuuliza kama dadako, mkono wako una nini? Kwa ajali ndogo mtu hungoja siku mbili akaandika mwenyewe, hatafuti karani.

Wakili nimemwona. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, unapanda ngazi huku ngozi mpya inakunukia. Ni binti mdogo, ananiita mama. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Mna cheti cha ndoa?"

"Hatuna."

"Wosia?"

"Yeye alikuwa anasema wosia ni wa wazee."

Akashusha kalamu. Akaniambia ningekuwa na cheti, hakuna wa kunigusa. Bila cheti nitaanza kuthibitisha mahakamani kwamba tuliishi kama mke na mume, kwamba jasho langu limo kwenye kuta zile. Nitafute mashahidi, nijibu maswali, na huku napambana, mwenye futi kamba anaweza kuwa ameshabadilisha kufuli. Wosia ungesaidia. Lakini wosia wa mtu mwenye neno moja utapingwa hata wino haujakauka. Nikamuuliza, na ndoa? Akafikiri. Akasema ndoa inawezekana kama msajili ataridhika kwamba mgonjwa anajua anachokifanya na anakitaka mwenyewe. Daktari aandike. Kisha majina yetu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pale ofisi ya usajili, wiki tatu, ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Ubao ule, mdogo wangu! Uko mbele ya kituo cha basi. Kila aliyewahi kuniita mke wa fundi atasimama pale akingoja basi na kusoma kwamba siye.

Nilifika nyumbani nikamwambia Fundi, "Tufunge ndoa." Akasema, "Kesho." Nikamfokea. Nilimfokea mgonjwa, Mungu anisamehe. Nikamwambia kesho yako imeniua. Akanitazama, jicho moja likatoa chozi, kisha akanyoosha mkono wa kushoto akaonyesha zile mbao ngumu zilizosimama kona ya karakana.

Anatengeneza viti. Kwa mkono mmoja! Mimi nashika mbao, yeye anapiga. Misumari haikai tena mdomoni mwake, kwa hiyo naiweka mdomoni mwangu, natoa mmoja mmoja nampa. Kimoja kina mkono mrefu upande wa kulia, wa kumzuia asianguke. Cha pili ni cha kawaida, ila mgongo ameulaza kidogo, jinsi ninavyopenda.

Shemeji anasimama mlangoni mikono nyuma. Mtaani anasema namfanyisha mgonjwa kazi. Majina yetu yanabandikwa Jumatatu. Naogopa atayasoma, na naogopa Fundi hatafika.

Dada yako


4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Lori lilikwama mtoni kwa sababu ya mvua, barua yako nimeipata jana. Mama mpe pole ya kikombe.

Mkono unaendelea vizuri. Lile neno lililokatwa, karani wangu alikosea. Tusilizungumze.

Kama majina yameshabandikwa, basi umeshavuka kubaya. Waache wasome. Wanaongoja basi husahau kila kitu basi likitokea. Ninachokiogopa mimi ni viti. Dada, nakusihi, usivisubiri. Fungeni ndoa mmekaa kwenye ndoo. Akija mteja akivitaka, mwagie maji.

Sikuwahi kuwa mwoga, unanijua. Siku hizi nikiwasha jiko la gesi, mtu mmoja husimama mlangoni na ndoo ya mchanga, na mimi namshukuru. Nilikuwa nadhani kuna muda. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Jibu upesi.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo na anakusalimu, wewe na karani wako. Ndivyo alivyosema, mimi sikumwambia kitu.

Shemeji aliusoma ubao siku ya pili tu. Alirudi, akala, akanawa, akaniambia, "Dada yangu, utaniona huko." Akaweka pingamizi kwamba ndugu yake hana akili timamu. Kila usiku nilimfundisha Fundi. Sema ndiyo. Tazama mdomo wangu. Ndi-yo. Anajitahidi, mishipa ya shingo inasimama, jasho linamtoka, na kinachotoka ni kile kile.

Siku ikafika. Benchi za ofisi ya usajili hazina mikono, Fundi angeporomoka, kwa hiyo tukavibeba viti vyetu kwenye mkokoteni wa muuza mkaa. Vyote viwili, maana alipoona kimoja kinapakiwa peke yake alikataa kutoka nyumbani. Kitambaa cha kiti chake kilikuwa bado na pini upande mmoja. Wakili alikuja na karatasi ya daktari. Tukaingia tukavipanga mbele ya meza.

Msajili ni mwanamke mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Akaisoma karatasi ya daktari. Akamgeukia shemeji. Yule bwana alisimama vizuri, alivaa koti. Akasema, "Huyu nimemlea mimi baada ya baba yetu kufa. Nampenda. Lakini hajui leo ni lini, hajui yuko wapi. Muulizeni lolote mtaona."

Msajili akamuuliza Fundi taratibu, "Bwana, unataka kumwoa mwanamke huyu?"

Nilimwona anakusanya pumzi. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mdomo ukatetemeka, ukafunguka.

"Kesho," akasema.

Shemeji hakucheka, ningeshukuru kama angecheka. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyesikitika. Wakili akataka kusema, msajili akamnyamazisha kwa kiganja. "Tokeni wote," akasema. "Na wewe mama."

Mlango una kioo kirefu. Nilisimama hapo, sauti sisikii. Shemeji alisimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake kwenye shingo. Nikafikiria nguo zangu zitaingia kwenye mifuko mingapi na nitampeleka wapi Mama na macho yake.

Msajili alizungumza na Fundi. Fundi alijibu, nikaona umbo la neno lile midomoni. Akazungumza tena. Neno lile lile. Kisha nadhani alichoka kusimama, au alitaka kumsogelea amsikie vizuri. Akazunguka meza, akavuta sketi yake, akataka kukaa kwenye kiti cha pili.

Fundi akaweka mkono juu ya kiti.

Msajili akatabasamu, akauondoa mkono kwa upole kama unavyomwondolea mtoto kijiko. Fundi akaurudisha. Akauondoa tena. Safari hii Fundi alijitupa mzima, kifua kwenye mkono wa kiti chake, akakikumbatia kile kiti cha pili kwa mkono wake mmoja, uso umeiva, anatoa sauti iliyopenya hata kile kioo. Nilidhani anaanguka. Nilishika kitasa. Msajili alikuwa amesimama anamtazama, miwani mkononi.

Kisha akaja kufungua mlango mwenyewe. Akatutazama mimi na shemeji, mmoja mmoja.

"Viti hivi ni vya nani?" akaniuliza.

Nikasema kwa sauti niliyoiazima, "Kimoja chake. Kimoja changu."

"Ndivyo alivyoniambia," akasema. "Njoo ukae."

Mdogo wangu, nilikaa. Fundi aliweka dole gumba la kushoto, mimi nikaandika jina, mashahidi wakawa muuza mkaa na karani wa ofisi. Shemeji alisimama mlangoni mpaka mwisho. Sijui alikuwa anawaza nini. Njiani kurudi nilikuwa najikwaa kiasi kwamba mwenye mkokoteni alitaka kunipakia na mimi.

Dada yako


11 Mei

Mdogo wangu,

Najua utakuwa umeshasikia kwa simu ya kambi, lakini nataka uisikie kwangu. Fundi ametutoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni pa karakana, juani, baada ya chakula. Mimi nilikuwa nashona foronya. Nilimuuliza kama nimvute kivulini akasema kesho, nikamwacha na jua lake. Nilipomaliza mshono alikuwa ameshaondoka.

Tumemzika. Mama alikuwa imara kuliko wote.

Siku ile ile, watu wakiwa bado wamekaa, nilimwona shemeji anakuja kwangu. Cheti kilikuwa ndani ya blauzi, nimekishika kwa mkono juu ya nguo, mkono umekufa ganzi kwa kushika. Nikajua ndiyo hapa. Akasimama mbele yangu, akatia mkono mfukoni akatoa futi kamba yangu. Alikuwa nayo siku zote hizo. Akaniwekea mapajani.

"Pole, shemeji," akasema.

Basi nikalia. Sikulia kaburini, nililia hapo.

Bado naogopa. Nimezoea, mlango ukigongwa nashtuka. Jana mteja wa kwanza ameingia, bwana mmoja na mchumba wake, akavizunguka vile viti viwili akauliza bei gani. Nikamwambia haviuzwi. Akaongeza. Nikamwambia, "Mwanangu, ungejua vimeuzwa mara ngapi." Nikampa kiti cha plastiki akae, nikamwonyesha makochi mengine.

Sasa wewe. Neno lile lililokatwa kwa wino, nililisoma dirishani, na wewe unajua nimelisoma. Sikugombezi. Nauliza tu, unangoja nini?

Dada yako


30 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole tena, hata sijui niipeleke wapi pole hiyo. Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, wali ukaungua, wachimbaji wameula kimya. Walijua.

Mwandiko huu ni wangu, unauona ulivyopinda. Vidole viwili havikunjiki tena. Haikuwa ajali ndogo. Mtungi wa gesi uliniwakia, mkono na kifua. Nilipelekwa hospitali ya mjini sina fahamu, na mwenzangu alipanda lori nyuma yangu bila viatu. Mlangoni wakamuuliza wewe ni nani wake. Akaogopa kusema uongo, akasema jirani. Wakamwambia majirani huingia Jumapili tu. Alikaa kwenye ukuta wa geti, na mimi ndani nilipozinduka niliambiwa hakuna aliyekuja.

Sikukuandikia habari zake kwa sababu ni mjane, ana watoto wawili, na amenizidi umri, na nilijua Mama atasemaje. Nilijiambia tutajenga chumba kwanza. Kisha tutapiga plasta. Nilimcheka Fundi na viti vyake, na mimi nilikuwa na plasta yangu.

Jumatatu tumekwenda kuandikisha majina yetu. Ubao wa huku uko nje ya posta, na kambi nzima hupitia hapo. Naogopa kupita mwenyewe. Yeye anapita kila siku makusudi.

Anadai karatasi, anataka kumalizia yeye. Mkono wangu umechoka, nampa.

Wifi, hujambo? Ni mimi niliyekuwa nikiandika. Nilikosa adabu kulikata neno hili safari ile, nililiogopa. Leo sikulikata. Tukija, usisumbuke na viti, sisi tutakaa chini.